Rubani mdogo naye ana kinywa: tuache kuzika watu kwa sababu ya heshima

Bukavu – Kila ndege inapoanguka huku kwetu, maneno ni yale yale. Wa kwanza anasema ni mapenzi ya Mungu. Wa pili anasema ni mvua. Wa tatu anasema ndege ilikuwa kuukuu, na anakumbusha kwamba tangu 2006 makampuni yetu yamekatazwa kuruka Ulaya. Tunalia, tunazika, tunanyamaza. Leo nataka tuongelee jambo la nne, ambalo hatupendi kuligusa kwa sababu linatuhusu sisi wote. Mbele ya ndege wanakaa watu wawili, mkubwa na mdogo. Na mdogo anaogopa kumwambia mkubwa kwamba anakosea.

Hii si hadithi. Usiku wa tarehe 5 mwezi wa tano 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Ndani mlikuwa watu 114. Ilikuwa Boeing 737 mpya, haijamaliza hata mwaka kazini. Basi yule wa tatu wetu, wa ndege kuukuu, hapo hana la kusema.

Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Mvua ilikuwa kali. Waliruka bila mnara kuwapa ruhusa. Wakiwa hewani, mkuu akatamka neno la kuagiza mtambo wa kujiendesha uwashwe. Mwenzake hakujibu, na mtambo haukuwaka. Karibu dakika nzima hakuna aliyekuwa anaiongoza ndege, nayo ikilalia upande wa kulia polepole, gizani. Kengele ya hatari ilipolia, mkuu alichanganyikiwa, akazungusha usukani huku na huku. Kijana akamwambia kulia, kisha akajisahihisha: kushoto! Ilikuwa imechelewa. Walianguka katika matope ya mikoko, kilomita zisizofika sita kutoka kiwanjani. Hakupona mtu.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na Kameruni mwaka 2010 haikuishia kwenye mvua. Ilisema wazi kwamba wale wawili hawakufanya kazi pamoja: mkuu alikuwa mtu wa kutawala wadogo wake, na kijana alikuwa mpole, hathubutu kumpinga. Someni tena hapo. Je, huyo mkuu na huyo kijana hamuwajui? Wako kazini kwenu, shuleni, kanisani, na hata nyumbani.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanda ndege ndogo kutoka Shabunda. Hakukuwa na mlango kati yetu na marubani. Mdogo alinyoosha kidole kuonyesha wingu jeusi mbele yetu. Mkubwa akamjibu bila kumtazama: "Nyamaza, nilianza kazi hii mbele uzaliwe." Abiria tulicheka. Tukafika salama, tukasema mkubwa alikuwa na haki. Leo kicheko kile kinaniuma.

Najua wazee watanijibu: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sawa kabisa. Lakini hakuna anayeomba manahodha wengi. Tunaomba nahodha mmoja mwenye masikio. Kule Douala hapakuwa na manahodha wengi. Kwa karibu dakika nzima hapakuwa na hata mmoja.

Wengine watasema kumkosoa mkubwa ni desturi ya Wazungu. Uongo! Wazungu nao walizika watu wao kwa ugonjwa huu huu. Tarehe 27 mwezi wa tatu 2007 ilikuwa imetimia miaka thelathini tangu Tenerife, ambako mwaka 1977 ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani na watu 583 wakafa. Fundi wa ndege iliyokuwa inakimbia kuruka aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa sifa na mwalimu wa marubani, akajibu kwamba imetoka, akaendelea. Fundi hakusisitiza. Kuanzia hapo walianza kuwafundisha marubani kuzungumza. Kila agizo lirudiwe kwa sauti na wa pili. Mmoja anaendesha, mwenzake anachunga. Anayechunga akisema mara mbili bila kujibiwa, ashike usukani. Huo si utovu wa adabu. Ndiyo kazi anayolipwa.

Na ugonjwa huu hauko hewani tu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma ikiwa imejaa kupita kiasi. Wengi walipanda boti kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Mzigo wa kupita kiasi haujifichi. Baharia anauona, mkata tiketi anauona, abiria anauona. Nani ana ruhusa ya kumwambia patroni "tusiondoke"?

Tangu vita ifike Kavumu mwezi wa pili 2025, familia zilizokimbia zinapanda chochote kinachopatikana. Hazina nafasi ya kuchagua ndege wala boti. Kwa hiyo wenye kuchagua wabebe mzigo wao. Makampuni yafundishe marubani kuzungumza, na yule mdogo aliyesema "turudi" asifukuzwe kazi. Serikali ichapishe ripoti za ajali, na ndani yake tuone marubani waliambiana nini, tusiishie kwenye "hali mbaya ya hewa".

Na sisi abiria tuna dhambi yetu. Rubani akisema tungoje mvua ipite, tunapiga kelele, tunamwita mwoga. Mara nyingine muache angoje. Na mukimsikia kijana wa mbele akisema "komanda, hapana," musicheke kama mimi nilivyocheka.