Nyumba Njema si Mlango: Tunapolala katika Majumba ya Wakoloni

Utalii wa historia umeleta mtindo mpya wa malazi nchini mwetu. Majengo ambayo Wajerumani na Waingereza waliyajenga ili kutawala, kukusanya kodi au kuwapumzisha maofisa waliokuwa safarini, leo yanapakwa chokaa upya, yanawekewa vitanda vyenye vyandarua vyeupe, kisha yanakodishwa kwa wageni. Kuanzia miji ya joto ya pwani hadi kwenye baridi ya Usambara, mgeni mwenye uwezo anaweza kulala usiku kucha katika nyumba ambayo babu yake asingeruhusiwa kuingia isipokuwa kwa mlango wa jikoni.

Sina ugomvi na vitanda hivyo. Nimelala juu yake na nimelala vizuri. Wala siungani na wale wanaotaka kila jiwe la mkoloni ling'olewe. Jiwe halina kosa, na mara nyingi lilichongwa na fundi wetu. Hoja yangu ni nyingine. Nyumba ya namna hii inafundisha hata pale ambapo hakuna mwalimu ndani yake, na nyingi kati ya nyumba hizi zinaendelea kufundisha somo la mwenye nyumba wa kwanza: kwamba nchi ilikuwa tupu na tulivu mpaka yeye alipofika akaweka kiti chake barazani. Somo hilo limetugharimu, na waliolipa gharama kubwa ni pamoja na watu wa Mbulu na Hanang.

Tukumbushane kwanza nyumba hizi zilikuwa nini. Utawala wa kikoloni ulikuwa na maofisa wachache na nchi kubwa. Ili mabwana shauri wachache waweze kuwatawala watu wengi, ilibidi wasafiri, na ili wasafiri ilibidi wawe na mahali pa kufikia. Ndiyo sababu, mbali na boma la wilaya, zilijengwa nyumba ndogo za serikali za kufikia wageni. Ofisa alifika akiwa na wapagazi, mpishi, boi na tarishi. Asubuhi aliketi barazani akasikiliza mashauri, akakagua vitabu vya kodi, akamhoji jumbe kuhusu waliokimbia. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, na aliyekosa fedha alilipa kwa jasho lake. Barabara za kuzifikia nyumba hizo zililimwa kwa jasho hilo. Kwa hiyo nyumba ya wageni ya kikoloni haikuwa pembezoni mwa utawala. Ilikuwa kiti chake cha pili, kilichowekwa karibu zaidi na mwananchi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku tatu katika nyumba moja ndogo ya aina hiyo, katika mji mkongwe wa pwani. Sitautaja mji wala nyumba, kwa kuwa shabaha yangu si kumwaibisha mtu. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe, zenye kuzuia joto la mchana. Dari ilikuwa ya boriti. Ukutani palikuwa na picha za zamani: Mzungu mwenye bunduki kando ya pembe za ndovu, Mzungu mwenye farasi, Wazungu wanne mezani. Katika picha ya mezani alikuwapo Mwafrika mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama nyuma ya kiti na sinia mkononi. Chini ya picha yaliandikwa majina manne. Watu katika picha walikuwa watano.

Nilimuuliza kijana wa mapokezi ni nani aliyeijenga nyumba ile. Akajibu kwa adabu, "Wajerumani, mzee." Nikamuuliza tena kama babu yake alikuwa wa mji ule. Akasema ndiyo, na kwamba babu wa babu yake alikuwa fundi wa chokaa. Hakuona uhusiano wowote kati ya majibu yake mawili, na simlaumu. Hakuna kitu katika nyumba ile kilichomwezesha kuuona. Anafungua mlango ule kila asubuhi, na yawezekana kwamba kuta zake zina alama za mikono ya ukoo wake, lakini yeye mwenyewe amefundishwa kuitambulisha kama kazi ya wageni.

Wapo watakaosema kwamba biashara ya malazi si darasa la historia. Mteja analipia usingizi, si mhadhara. Zaidi ya hayo, kijana yule ana mshahara kwa sababu nyumba ile ipo. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli ambamo vijana wa mji huo hufunzwa kazi za ukarimu. Lisingekarabatiwa, huenda leo tungekuwa tunazungumzia magofu. Lakini pesa na ukweli havigombani. Pale Mkunazini, Unguja, kanisa kuu la Anglikana limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kando yake yapo maonesho yanayoieleza biashara ile bila kuficha. Watalii hawakimbii. Wanapanga foleni, wanalipa, wanatoka kimya. Mgeni si mtoto wa kulindwa dhidi ya historia, na wala mwenyeji si mtoto.

Sasa turudi nyumbani Manyara, ambako hakuna joto la pwani wala minara ya kale, na ambako wengi hudhani hakuna jambo la kihistoria la kumwonesha mgeni. Mji wa Mbulu ulikua kuzunguka boma ambalo Wajerumani waliliweka mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa Waingereza, wilaya ya Mbulu ilikuwa kubwa mno. Ilijumuisha maeneo ambayo leo ni wilaya za Hanang, Babati na Karatu. Maamuzi kuhusu mifugo ya Wairaqw, malisho ya Wabarbaig na mapori ya mbung'o yalifanywa katika ofisi na baraza za wilaya hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walianzisha Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, uliotaka mifugo ipunguzwe na mapori yafyekwe. Wazee wetu wengi walikumbuka jambo moja kuhusu mpango huo: ng'ombe waliotakiwa kuuzwa walihesabiwa na mtu ambaye hakuwajua hata kwa rangi zao.

Na si kwamba watu wa Mbulu walikuwa kimya. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu kiliikataa ridhaa ya makao makuu, nacho ni kiti cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Hebu mwanafunzi anisaidie: ni katika nyumba gani ya wageni, ofisi gani ya umma, au ukuta gani wa wilaya ile ambapo mpita njia anaweza kuisoma habari hiyo? Tuna picha za wawindaji wasio na uhusiano nasi, lakini hatuna ubao unaosema kwamba hapa palikuwa na watu waliokuwa na msimamo wao siku ambayo nchi nzima ilikuwa na msimamo mmoja.

Nimesema somo la barazani limetugharimu, na sasa nieleze gharama yenyewe. Mtu aliyekaa barazani akitazama tambarare za Hanang, huku mlima ukiwa nyuma yake, huona uwanda mpana wa nyasi usio na mtu. Mfugaji wa Kibarbaig anaposimama mahali pale pale huona malisho ya kiangazi, malisho ya masika, visima, njia za kwenda kwenye chumvi, na makaburi ya wazee yaliyoinuliwa kwa udongo, ambayo wao huyaita bung'ed. Ardhi ni ile ile moja, ila macho yanayoitazama ni mawili. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini macho yaliyoketi barazani yalibaki yale ya kwanza.

Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa serikali ya Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano katika Hanang, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Kwa mujibu wa waliopanga, ile ilikuwa ardhi isiyotumika. Matrekta yakapita. Njia za mifugo zikafungwa, na baadhi ya makaburi yale yakalimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Moja ya sababu ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ile ya mwaka 1923. Naomba msomaji asome sentensi hiyo mara mbili. Zaidi ya miaka ishirini baada ya uhuru, mtu wa Hanang alitakiwa kuthibitisha uenyeji wake kwa kipimo cha mkoloni, mbele ya mahakama ya nchi yake.

Sidai kwamba picha iliyotundikwa katika gesti ndiyo iliyowanyang'anya Wabarbaig malisho yao. Nadai kwamba fikra iliyoitundika picha ile na fikra iliyoichora ramani ya mashamba yale ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili humwona mwenyeji kama sehemu ya mandhari: anapendeza akiwa mbali, anasumbua akiwa karibu, na jina lake si la lazima. Kijana anayekua akiiona fikra hiyo ikipambwa, ikiuzwa ghali na kusifiwa, atashindwa kuitambua siku atakapokuwa ofisa ardhi, naye ameletewa ramani yenye eneo kubwa jeupe lililoandikwa "wazi".

Sheria yetu nayo ina kasoro inayohusiana na jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa pale tu waziri anapoyatangaza. Wajerumani walianza kuitawala nchi hii baada ya 1863, hivyo hakuna boma lao hata moja linalolindwa kwa umri wake. Matokeo yake ni kwamba jengo lenye bahati hutangazwa, na jengo la wilaya ya mbali husubiri mvua, mchwa au mkandarasi. Tunaangukia katika moja ya mashimo mawili: ama tunalipamba jengo hadi linasahau lilichofanya, ama tunaliacha lianguke na kuzika ushahidi pamoja nalo.

Nini kifanyike? Kwa watumishi wa halmashauri nina ombi lisilohitaji bajeti kubwa. Orodhesheni majengo yote ya kikoloni yaliyomo wilayani mwenu, hata yale madogo, hata ile nyumba ya kufikia wageni ambayo sasa ni stoo. Kila linapokodishwa jengo la umma kwa mwekezaji wa malazi, mkataba uwe na sharti moja la ziada: historia kamili ya jengo iandikwe kwa Kiswahili mahali panapoonekana, ikitaja kazi iliyofanyika humo na watu walioijenga. Kwa Mbulu na Hanang, lugha za Kiiraqw na Kidatoga zina haki ya kuwa kwenye ubao huo.

Kwa wanafunzi, hasa mnaorudi likizo, msingoje ruzuku ya utafiti. Bado wapo wazee waliokuwa watoto au vijana katika miaka ya 1950. Wanakumbuka nani alikuwa mpishi wa bwana shauri, nani alipelekwa kufyeka pori la mbung'o, nani alikataa. Chukueni simu zenu, waombeni ruhusa, warekodini kwa heshima, kisha nakala ibaki kijijini. Kwa wanaharakati wa haki za ardhi, nawakumbusheni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua umiliki wa kimila, lakini umiliki usio na simulizi hutetewa kwa shida. Mahali pasipo na jina wala kumbukumbu huitwa wazi kwa urahisi sana.

Na kwa wenye nyumba zenyewe, wengi wao wakiwa Watanzania wenzetu, nasema hivi: acheni picha ukutani, lakini mtafuteni mtu wa tano. Ulizeni mitaani aliitwa nani. Mkilipata jina lake, liandikeni pamoja na yale manne. Mkilikosa, andikeni kwamba alikuwapo na kwamba waliopiga picha hawakuona haja ya kumtaja. Mstari huo mmoja utamfundisha mgeni zaidi ya pembe zote za ndovu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Milango ya majumba haya tumekwisha kuing'arisha. Kazi iliyobaki ni kuingia ndani, na kuingia kama wenye nyumba.