Tusiwagawe Watoto wa Paka Ovyo

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma juu ya choo, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo nataka tuzungumze juu ya paka. Labda wengine watacheka. Lakini katika Mkoa wetu wa Songwe nyumba nyingi zina mahindi. Penye mahindi pana panya, na penye panya watu hutafuta paka. Mbozi, Momba, Ileje na hapa Tunduma, mtoto wa paka huombwa, hununuliwa, hubadilishwa kwa kuku au hutupwa. Mimi naona namna tunavyofanya jambo hili si nzuri, wala si salama.

Nianze na kutupa. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 au 5 tu. Hubeba mimba kwa siku 65 hivi. Huzaa watoto 4 au 5, na kwa mwaka huweza kuzaa mara 2 au 3. Mwenye nyumba akishindwa kuwagawa, huwatia katika kiroba akawaacha sokoni au kwenye malori pale mpakani. Anasema, "Watajitafutia." Hawajitafutii. Wengi hufa kwa njaa. Anayebaki huishi jalalani na kupigana na mbwa wasio na mwenyewe. Halafu mtoto wa shule humwokota na kumpeleka nyumbani.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Mwaka jana mama mmoja alimleta mwanawe zahanati. Aliumwa na paka mkononi. Nikamwuliza, "Mama, huyo paka mlimpata wapi?" Alipewa na jirani. Jirani alipewa na shemeji yake. Shemeji alimnunua kwa kijana njiani. Kijana hajulikani, na paka mwenyewe amekwisha toroka.

Kwa nini niliuliza? Kwa sababu kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Paka naye hukipata, na akiuma hukiambukiza kwa mate yake. Paka aliyeuma akifungwa na kuangaliwa siku 10, naye akabaki mzima, tunajua kwamba siku ile hakuwa na kichaa katika mate. Huyu hatukuweza kumwangalia. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mama akapanda gari kwenda hospitali kutafuta sindano. Akarudi tena na tena, kila siku aliyopangiwa. Nauli peke yake ilizidi bei ya paka mara nyingi. Mtoto ni mzima. Lakini dalili za kichaa zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya; karibu wote hufa. Kwa hiyo ukiumwa usingoje zile siku 10 nyumbani. Osha jeraha, uje zahanati siku ileile.

Basi maoni yangu ni haya. Anayetoa mtoto wa paka, kwa fedha au bure, aseme ukweli. Mama yake ni yupi? Amechanjwa au hakuchanjwa? Ameshauma mtu? Tena asimtoe kabla ya majuma 8. Najua wengi huchukua paka wa majuma 4 kwa kuwa ni mdogo na anabebeka. Huyo bado ananyonya, na bado hajajifunza kwa mama yake kukamata panya. Wewe unataka mlinzi wa ghala, lakini unachukua mtoto mchanga. Akifikisha miezi 3, apelekwe kwa afisa mifugo apate chanjo ya kichaa.

Mnunuzi naye ana wajibu. Wako wanaosema paka asilishwe, eti akishiba hawindi. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Akiwa na njaa sana huhama, au huiba vifaranga vya jirani, na hapo mnagombana. Tena usiweke sumu ya panya katika ghala lenye paka. Panya hula sumu, paka hula panya, na wote hufa. Mama mjamzito asizoe mavi ya paka, maana yana vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku hizi mijini wako wanaouza paka wa Kiajemi, wenye manyoya marefu na pua bapa. Bei yake huweza kupita ya mbuzi. Pua ile haikuja kwa bahati. Watu waliwachagua wenye pua fupi, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi. Wengi wao hupumua kwa shida na kutokwa machozi daima. Katika nyumba ya moshi wa kuni na vumbi letu la Tunduma, hayo ni mateso. Kuwazalisha zaidi ili kupata fedha, mimi sikubali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na haikusema ukatili wa fimbo peke yake.

Wala tusidhani paka wa kijijini hana asili. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, mama mmoja aitwaye Jeni Slater aliona watoto wa paka wenye mabaka kama gome la mti. Wagiriama waliwajua siku nyingi, wakiwaita kadzonzo. Katika miaka ya 1980 wachache walipelekwa Denmark. Leo paka wa Sokoke ana cheti cha ukoo Ulaya na Marekani. Kwa kuwa walikuwa wachache, ndugu walizaliana, na baadaye wafugaji walirudi Kenya kutafuta damu mpya. Walirudi kwa paka wa kijijini!

Wengine huniuliza kama ni vibaya kuuza. Sioni ubaya. Kuku mmoja kwa paka mmoja ni haki, kwani aliyemlisha mama yake ametumia dagaa. Ubaya ni kuuza kisha kufunga mlango. Mnunuzi akishindwa kumtunza, muuzaji ampokee tena kuliko aishie kwenye kiroba. Na afisa mifugo akija kijijini kuchanja mbwa, mpeleke na paka, lakini katika kikapu chenye mfuniko. Akiwaona mbwa wale wote atakukwaruza na kukimbia.