Presha ya mzazi si hukumu ya mtoto

Hapa Unguja na Pemba, mzee akipinda mdomo na kupooza upande mmoja, baadhi yetu husema amepigwa na upepo mbaya. Waganga wa hospitali wanatueleza vingine: kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na chanzo chake kikubwa ni shinikizo la juu la damu.

Ni kweli kwamba maradhi hayo hufuata ukoo. Lakini chembe za urithi zinazohusika ni mamia kwa mamia, na kila moja huchangia kidogo tu. Anachorithi mtoto ni mwelekeo, siyo ugonjwa wenyewe. Chumvi nyingi, unene na tumbaku ndivyo vinavyouchochea.

Tunawasihi wananchi ambao wazazi wao walipatwa na kiharusi wasingoje dalili, maana mara nyingi presha haina dalili. Wakapimwe, na kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90 wafuate matibabu bila ya kukatiza.

Nao wakuu wa serikali wahakikishe kwamba vituo vya afya, hata vya Tumbatu na Kojani, vina vipimo na dawa mwaka mzima. Anayerudi leo kutoka kituoni mikono mitupu, kesho ataletwa kwa machela.