Kibali cha Bastola Kisivuke Mpaka



Safiri kutoka Arua hadi Vurra, nawe utaiona Kongo. Toka Koboko hadi Oraba, na ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini. Hapa nchi tatu hukutana, na Wakakwa wanaishi katika zote tatu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Je, kibali cha bastola kilichotolewa Arua kitambuliwe pia Aru na Kaya?

Hoja hii si ngeni duniani. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuyalazimisha majimbo kutambua vibali vya kubeba silaha iliyofichwa vilivyotolewa na majimbo mengine. Seneti haikuupitisha.

Wanaoitetea wana neno zito, nami silipuuzi. Mfanyabiashara abebaye fedha za mzigo hulindwa na bastola yake hadi mpakani; akivuka, hatari huongezeka na ulinzi hukoma. Tena huuliza: ikiwa leseni ya udereva ya Uganda inakubalika Kenya, kwa nini kibali cha silaha kikataliwe?

Jibu langu ni hili: leseni ya udereva hushuhudia ujuzi, bali kibali cha silaha hushuhudia mtu. Kwa Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, raia wa Uganda hamiliki bunduki bila cheti, na polisi humchunguza mwombaji kwanza. Askari wa Kaya atajuaje kwamba cheti hicho si cha kughushi, au kwamba hakikufutwa wiki iliyopita? Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 iliyataka mataifa yetu kuzitia silaha alama, kuweka kumbukumbu zake na kuoanisha sheria. Kazi hiyo ndiyo itangulie. Kutambua vibali kabla ya kuaminiana kwa kumbukumbu ni kuezeka paa kabla ya kusimamisha kuta.

Isitoshe, West Nile inaijua bunduki. Baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979, silaha zilizagaa na maelfu wakakimbilia Kongo na Sudan. Waasi wa UNRF II walitia saini mkataba wa amani Yumbe mwezi Desemba 2002 tu. Amani iliyopatikana kwa gharama hiyo haichezewi kwa muhuri wa haraka.

Kama twataka kuvusha karatasi, tuanze na kitambulisho. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mama auzaye mihogo Koboko astahili haki hiyohiyo Oraba kabla ya mwenye bastola kufikiriwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenye bastola kibindoni humponya nani?