Tujue Kilichomo Kikombeni



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kisichokosekana katika nyumba yoyote ya Unguja, nacho ni chai. Kilichotutia kalamu mkononi ni khabari ya mzee mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, mwenye maradhi ya sukari. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta hajiwezi, mguu umefanya kidonda. Tukamuuliza juu ya vidonge vyake, naye akatujibu: “Maalim, vidonge nimeviwacha tangu Mfunguo Nne. Siku hizi nakunywa chai ya mdalasini, ndiyo dawa yangu.” Tukakaribishwa kikombe cha chai ile, tukaiona tamu kama shira.

Basi yatupasa tujue tunachokunywa.

Jani la chai latoka bara, katika milima ya Usambara, Mufindi na Rungwe. Ndani yake mna kafeni, nayo ndiyo imchangamshayo mtu na kumwondolea usingizi; kwa hivyo mtoto asipewe chai nzito usiku. Tena mna tanini, ndiyo itiayo ule ukakasi ulimini. Tanini huzuia madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mchicha yasiingie vyema damuni. Kwa sababu hiyo mama mwenye mimba, na kila aliyepungukiwa na damu, asinywe chai pamoja na chakula, bali angoje kiasi cha saa moja.

Ama mchaichai, ingawa jina limefanana, si jamaa ya chai. Ni wa ukoo wa nyasi, hauna kafeni, nao wafaa hata wakati wa kulala. Tangawizi imetajwa katika Kurani, Sura ya 76, aya ya 17, katika vinywaji vya watu wa Peponi, na madaktari wa leo wakubali kuwa hupunguza kichefuchefu. Karafuu moja mbili ndani ya birika hazina neno. Lakini mafuta ya karafuu asinyweshwe mtoto mchanga, kwani yaweza kumharibu ini.

Na mdalasini je? Umechunguzwa sana juu ya maradhi ya sukari. Wachunguzi wengine wameona huishusha sukari kidogo, wengine hawakuona kitu. Wala hapana aliyethibitisha kuwa wamtosha mgonjwa badala ya vidonge vya daktari.

Lakini kilichomdhuru zaidi mzee wetu ni sukari aliyoitia ndani ya hiyo aliyoiita dawa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari tunayoitia katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tuzipatazo katika chakula cha kutwa, na ikipungua hata kufika nusu ya hiyo ni bora zaidi. Nusu hiyo ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Mwenye kunywa vikombe 3, kila kimoja vijiko 3, amekwisha kufika 9, na bado hajagusa visheti. Wala mgonjwa asidhani ameokoka akitia asali, kwani asali nayo huipandisha sukari ya damu.

Mtu asiseme kuwa kinywaji bila ya sukari hakinyweki. Nendeni Jaws Corner, Mji Mkongwe, muwaone wazee wakinywa kahawa chungu na kuisifu. Ulimi hufuata ulivyozoezwa. Basi tupunguze kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, na watoto wetu tuwazoeze mapema.

Mzee wetu alipelekwa hospitali siku ile ile. Mguu ulisalimika, ila kidole kimoja kilikatwa. Sasa anameza vidonge vyake, na chai yake ya mdalasini anainywa bila ya sukari.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu, na Kurani imetukataza israfu katika kula na kunywa. Chai ni neema, hatuikatazi. Tunalosema ni kuwa kinywaji kiwe kinywaji, na dawa iulizwe kwa daktari. Enyi vijana, mkiwaona wazee wenu wameacha dawa, msinyamaze. Waambieni kwa adabu na upole, kisha wapelekeni wenyewe.

Mwenyezi Mungu atupe afya na mwisho mwema. Amin.

Wassalaam.