Hata Paulo Alikaguliwa

 

Ujumbe wa leo ni wa gari. Ndiyo, gari. Wako wanaotaka mchungaji azungumze habari za mbinguni peke yake. Lakini zile pesa mnazobeba kwenda Mombasa kununua gari ni mbuzi mliowachunga kiangazi kizima, ni maembe, ni akiba ya mwalimu ya miaka sita katika SACCO. Zikipotea, zinapotea pamoja na karo ya watoto. Nikinyamaza hapo, nitakuwa nachunga nini?

Wiki hii mshirika mmoja anayetafuta pikapu iliyotumika ameniuliza hivi: "Pasta, hawa si madalali wa barabarani. Ni wakala rasmi, jina la kampuni kubwa liko juu ya mlango. Nikienda na fundi wangu si nitakuwa nawadharau? Na kwa mtu aliyeokoka, si hiyo ni shaka?"

Nimemjibu yeye, na sasa nawajibu nyote, maana najua swali hili liko kwa wengi.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo anafika Beroya. Huyu ni mtume aliyetumwa na Kristo mwenyewe. Kama kuna mtu aliyestahili kuaminiwa kwa jina lake, ni yeye. Watu wa Beroya walimpokea kwa moyo mkunjufu, halafu kila siku wakafungua Maandiko kuhakikisha kama anayosema ni kweli. Je, Biblia iliwakemea? Iliwasifu! Iliwaita waungwana kuliko wenzao wa Thesalonike.

Mpendwa, kama mtume Paulo alikaguliwa na hakununa, muuza magari ni nani asikaguliwe?

Tuelewane kwanza juu ya huyu wakala rasmi. Ni kampuni ya biashara iliyopewa idhini na kiwanda kuuza magari yake mapya, kuyahudumia na kuuza vipuri vyake. Sasa lile gari lililotumika limefikaje pale uani kwake? Mara nyingi mteja alikuja kuchukua jipya, akaacha la zamani kama sehemu ya malipo. Au kampuni fulani ililitumia mpaka ikalichoka. Kwa hiyo jina lile kwenye bango ni la aliyelitengeneza gari. Si la aliyeliendesha. Kiwanda hakikuwepo siku gari lilipogongwa, wala siku lilipokaa miezi kumi bila kubadilishwa mafuta.

Sisemi mawakala ni wezi. Hapana. Wana ofisi inayojulikana, wana mafundi, wana kumbukumbu, na mambo yakiharibika unajua mlango wa kubisha. Dalali wa kando ya barabara hana hayo. Ninachosema ni kwamba faida hizo zinakusaidia ukizitumia. Ukiingia umefumba macho kwa sababu ya bango, umelipa bei ya kuaminiwa na hukuchukua ulichokilipia.

Kumbuka Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walikuwa majirani, lakini walivaa viatu vilivyotiwa viraka, wakabeba mkate ulioota ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli wakaangalia mkate, wakaamini macho yao, wakaapa bila kumuuliza Bwana. Siku tatu baadaye ukweli ukatoka, na kiapo kilikuwa kimeshafungwa. Wale walifanya vitu vionekane vikuukuu. Sokoni leo ni kinyume: kikuukuu kinafanywa kionekane kipya. Rangi inapigwa, viti vinaoshwa, injini inafutwa mpaka inang'aa. Wahenga wa pwani walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kiapo cha siku hizi ni sahihi yako kwenye karatasi.

Basi nakupa mambo matano ya kufanya kabla ya kutia sahihi.

La kwanza, omba historia ya gari. Hapa ndipo wakala rasmi anapaswa kumshinda dalali. Kama gari lilikuwa likihudumiwa kwake, kumbukumbu ziko kwenye kompyuta yake kwa nambari ya chesisi. Mwambie azichapishe. Angalia kilomita za kila huduma: zinapanda vizuri, au kuna mahali zimerudi nyuma? Kama gari lilitoka Japani, omba karatasi ya mnada. Wakaguzi wa mnada huko hulipa gari alama, na herufi R hutumika kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kumbuka pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mengi huingia yakiwa tayari na miaka sita au saba. Ukiona gari la namna hiyo linaonyesha kilomita chache mno, tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Odometa inaweza kurudishwa nyuma. Pedali iliyolika hairudi.

La pili, nenda na fundi wako. Asiwe fundi wao, wala fundi wanayekupendekezea. Kama huna unayemwamini, AA Kenya hukagua magari kwa ada, na ada hiyo ni ndogo mbele ya injini mpya. Waombe wasiwashe gari kabla hujafika, ili fundi asikie injini ikiwaka ikiwa baridi. Kisha liendeshe mpaka lipate moto, uwashe kipozahewa, maana joto la Garsen unalijua.

Na hapa watu wa Tana hamhitaji kufundishwa na mtu. Mmeona mafuriko ya Novemba 2023, mkaona tena ya Aprili na Mei 2024. Mnajua nyumba iliyoingiliwa na mto: unafua, unaanika, unapaka chokaa, na bado tope linajificha kwenye pembe na harufu haitoki. Gari lililozama ni vivyo hivyo. Inua zulia. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una alama ya maji. Tazama chini ya viti kama vyuma vina kutu. Nusa. Nyaya za umeme zilizolowa zinaweza kukaa kimya miezi kadhaa, halafu zikaanza kukusumbua ukiwa njiani usiku.

Wakikataa fundi wako asiliguse gari, usibishane. Sema asante, uondoke. Jibu umeshalipata.

La tatu, hakikisha mwenye gari ni nani. Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, ulipe ada ndogo, upate taarifa za gari kwa nambari yake ya usajili. Jina lililo kwenye logbuku ni la nani? Gari lililoachwa kwa wakala linaweza kuwa bado kwa jina la mwenyewe wa zamani, na huyo ndiye atakayetakiwa kuanzisha uhamisho kabla wewe hujaukubali. Uliza kama yupo na yuko tayari. Ukikuta jina la benki limeandikwa pamoja na la mtu, kuna mkopo hapo. Tena tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna daftari la serikali unaloweza kulitafuta kuona kama gari limewekwa rehani. Na baada ya kununua, sheria ya trafiki inakupa siku 14. Usiendelee kuliendesha zaidi ya hapo kama halijaandikwa kwa jina lako.

La nne, andika. Soma Yeremia 32. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia Yeremia anunue shamba la Anathothi. Muuzaji alikuwa ndugu yake, mtoto wa ami yake. Kama kuna biashara ambayo mtu angesema "haina haja ya karatasi", ni hiyo. Lakini Yeremia alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, kisha hati zikawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu. Neno la Mungu halikumwondolea karatasi. Unasikia, mtu wa Mungu?

Kwa hiyo muulize muuzaji kwa maandishi: gari hili limewahi kugongwa, kuzama majini au kuhesabiwa na bima kuwa hasara? Akujibu kwa maandishi na sahihi. Mwambie pia kazi unayolinunulia, kwamba litabeba mizigo kutoka Kipini hadi Garsen kwenye matope, si kupeleka watoto shule Nyali. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inamtazama tofauti muuzaji aliyeambiwa kazi ya kitu na mnunuzi akautegemea ujuzi wake. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba ukikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha ni vigumu kuja kuilalamikia baadaye. Ndiyo maana kuzungukazunguka gari ukipiga matairi teke ni hatari. Kagua kweli, na mtu anayejua.

Soma kila mstari. Ukikuta maneno kwamba unalichukua gari "kama lilivyo", au kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, simama hapo kwanza. Ahadi ya mdomo aliyokupa yule kijana mwenye tai haitamfuata akihamia kampuni nyingine. Wakikupa dhamana, uliza: ni ya miezi mingapi? Inagusa sehemu zipi? Inaheshimiwa wapi? Dhamana inayokutaka urudi Mombasa kila huduma, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda na nyingine kurudi, piga hesabu yake kabla ya kuifurahia. Gari likikwama Minjila, nani atalipa la kulivuta?

La tano, angalia pesa inaingia wapi. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, upewe risiti ya kampuni. Usitume arbuni kwenye simu ya mfanyakazi, hata kama ni wa kabila lako au anasema ameokoka. Na risiti ya arbuni iandikwe: fundi akikuta kasoro, pesa inarudi.

Wataniambia, "Pasta, mteja mwingine anakuja saa nane, nitalikosa." Mwache alichukue! Mungu wetu hana gari moja tu. Biashara isiyoweza kungoja ukaguzi wa saa mbili haikuwa na nia njema na wewe. Haraka haraka haina baraka, na hilo hata asiyeokoka analijua.

Mwingine atasema, "Mimi Roho ataniongoza." Amina, naamini hivyo. Lakini mara ngapi Roho amekunyima amani pale uani, moyo ukasita, nawe ukajiambia ni adui anakuzuia baraka? Huenda kule kusita ndiko kulikuwa kuongozwa kwenyewe. Imani si kufumba macho. Imani ni kumtegemea Mungu ukiwa umeyafumbua. Na tafadhali, msiniletee gari nilipake mafuta ya upako kabla fundi hajaangalia mafuta ya injini.

Mwisho, neno kwa wewe mshirika unayeuza. Labda umeajiriwa kwenye yadi, labda unauza gari lako mwenyewe baada ya kulichoka. Mithali 11 inasema Bwana anachukizwa na mizani ya hila. Odometa iliyorudishwa nyuma ni mizani ya hila. Zulia jipya juu ya sakafu yenye kutu ni mizani ya hila. Unayemuuzia ameuza mbuzi wake, na Mungu amewahesabu mbuzi wale. Ukijua gari liligongwa, sema liligongwa, upunguze bei, ulale usingizi.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa kazi ya mikono yetu. Jasho la watu wako hapa Tana lisimezwe na karatasi tusizozisoma. Tupe macho ya Waberoya, wasiomdharau mtu wala kuogopa kuuliza. Wape wauzaji kicho chako. Wanaosafiri barabara ya Malindi na Garsen wafike salama. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA. Kisha umtumie ujumbe huu ndugu yako anayejiandaa kwenda Mombasa kununua gari, aupate kabla hajatoa arbuni.