Aibu ya Mali na Lawama ya Mnunuzi

Iko hukumu moja ambayo siku hizi hutolewa upesi mno, wala haikatiwi rufani. Mtu akinunua kitu kwa njia ya mtandao, na kitu hicho kikamfikia kibovu, watu hawaulizi ni nani aliyemwuzia. Humwuliza yeye kwa nini alilipia asichokishika mkononi; na kabla hajamaliza kujieleza humtupia neno: "Umejitakia." Neno hili limevaa joho la busara. Lakini kazi linayoifanya ni kazi ya wakili wa mdanganyifu, tena wakili asiyedai ujira.

Kisa cha kijana mmoja wa Bombambili, katika mji wa Songea, kinatosha kulipima. Kijana huyo alitamani gitaa kwa miaka mingi. Baada ya mavuno aliuza sehemu ya mahindi yake, akaona katika simu tangazo la gitaa lililotumika, likiuzwa Dar es Salaam. Picha zilikuwa tatu, zote za mbele, zote zikimetameta. Maelezo yalikuwa mafupi: limetumika kidogo, hali yake nzuri. Aliuliza kama lina kasoro yo yote, akajibiwa kuwa halina. Alituma fedha kwa simu, na baada ya siku mbili mzigo ukamfikia kwa basi, umefungwa katika kiroba.

Alipoufungua, kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Shingo ilikuwa imejikunja kama upinde, hata nyuzi zikasimama mbali na ubao, na kila aliyezibonyeza katikati ya shingo aliumia vidole na kupata sauti isiyolingana. Ufunguo mmoja wa kukazia uzi ulizunguka bure. Alipomulika tochi ndani ya tundu aliona ubavuni ufa uliozibwa kwa kipande cha kitambaa na gundi, na juu ya gundi hiyo vumbi lilikwisha ganda. Muuzaji alipopigiwa simu alisema kuwa lawama ni ya basi. Alipopigiwa mara ya pili hakupatikana.

Utetezi wa basi haufai kupuuzwa, maana gitaa ni chombo dhaifu kuliko linavyoonekana. Nyuzi zake sita, zikiwa za chuma na zimekazwa kwa sauti ya kawaida, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Na mvuto huo wote huchukuliwa na ubao wa unene wa milimita chache na gundi iliyo chini ya kibao. Gundi nyingi za mbao hulainika kwa joto, na buti ya basi lililosimama juani ina joto la kutosha. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani hunywea inapopanda bara wakati wa kiangazi. Kutoka Dar es Salaam hata Songea, kwa njia ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na si kila mpakiaji hujua tofauti ya gitaa na gunia la vitunguu. Yote hayo ni kweli. Walakini basi halipaki gundi. Basi halibandiki kitambaa ndani ya ubavu, wala vumbi la miezi halikusanyiki kwa siku mbili. Na hata pale basi lilipoongeza madhara, aliyepaswa kulegeza nyuzi kabla ya safari na kuikinga shingo ni yule aliyefunga mzigo.

Utetezi wa pili hutegemea neno lenyewe: gitaa liliuzwa kuwa limetumika, na mwenye kununua kilichotumika asitazamie kipya. Hapa pana mchezo wa maneno. Kutumika si kuharibika. Taifa zima la Tanzania huvaa mitumba, na kila mama anayeinama juu ya fungu la nguo sokoni ajua mpaka uliopo kati ya shati lililovaliwa na shati lililochanika kwapani. Ndiyo sababu huligeuza nje ndani kabla ya kulipa. Gitaa nalo ni hivyo hivyo. Liko gitaa lililopigwa miaka ishirini, likatunzwa, ambalo mpigaji hodari hawezi kulibadilisha na jipya la dukani. Michubuko ya kucha, rangi iliyofifia, chuma kilicholika mahali vidole vinapozoea kukaa, hizo ni dalili za kutumika. Kibao kilichobanduka ni uharibifu, na muuzaji aliyeuita uharibifu matumizi amesema uongo ingawa maneno yake yana adabu.

Lakini, husema wenye busara ya majirani, kwa nini hakwenda kuliona? Swali hili ni jepesi kwa mkazi wa Kariakoo, ambaye hupanda ngazi za duka, akalitwaa gitaa, akalipiga, akalirudisha ukutani asipoliridhia. Kwa mtu wa Bombambili nauli ya kwenda na kurudi, na malazi, na siku zilizopotea, huweza kuishinda bei ya chombo chenyewe. Kumwambia akaone kwanza ni kumwambia, kwa maneno ya upole, kuwa vitu vya mbali si vya watu wa mikoa. Biashara ya mtandao ilijisifu kwamba itauondoa umbali huo. Ikiwa ni hivyo, picha ndiyo macho ya mnunuzi, na mwenye kuchagua picha ndiye aliyeyashika macho hayo. Akiigeuza kamera ili ufa usionekane, hawezi kusema baadaye kuwa mnunuzi hakutazama vizuri.

Watu wa Ruvuma wana sababu ya pekee ya kulichukia neno "umejitakia," maana wao wenyewe huuza zaidi kuliko wanavyonunua, na wanapouza hawasamehewi hata punje. Mkulima akipeleka mahindi yake katika kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hutakiwa ayalete makavu na safi. Magunia huchunguzwa, na yenye unyevu au takataka hukataliwa. Hakuna anayemwambia Wakala kuwa amejitakia kwa kununua mahindi. Kwa upande mwingine, mlanguzi anayemtaka mkulima aujaze mfuko hata ukaota kichwa, yaani lumbesa, huvunja Sheria ya Vipimo, na mkulima aliyepunjwa huhesabiwa kuwa amepunjwa. Itakuwaje basi kijana yule yule, ambaye punje zake zilichunguzwa alipouza, aambiwe ni mjinga pale fedha ya punje hizo inapomletea mbao zilizobanduka?

Lugha nayo ina ushahidi wake. Neno aibu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kasoro au ila. Katika sheria ya Kiislamu ndilo neno la kasoro ya mali inayompa mnunuzi hiari ya kuirudisha. Lilipoingia katika Kiswahili lilihama kutoka kwenye mali likakaa kwa mtu, likawa fedheha. Hama hiyo ingalikuwa njema kama fedheha ingalimwangukia mwenye kuficha ila. Siku hizi humwangukia aliyefichwa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yana ukali zaidi, kwani rai yenye nguvu ndani yake haikubali mauzo ya kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona. Mtetezi wa wauzaji ataruka hapa kwa furaha na kusema, basi kijana alikosea tangu mwanzo. Na afurahi taratibu. Mauzo yakibatilika, mali humrudia mwenyewe na fedha humrudia mwenyewe. Haibaki fedha Dar es Salaam na ufa Bombambili.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyojengwa juu ya misingi ya Kiingereza, husema kuwa mali ikiuzwa kwa maelezo hapana budi ilingane na maelezo hayo. Na Waingereza ndio walioupenda sana msemo wa kumtaka mnunuzi ajihadhari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliweka kinga ya mlaji anayenunua kwa njia hizi mpya. Upungufu basi si wa sheria kuandikwa. Ni wa gitaa moja kuwa na thamani ndogo kuliko gharama ya kulidai, jambo ambalo wauzaji wa namna hii hulijua sana, na ndiyo maana huuza vitu vya bei ya katikati: ghali kiasi cha kumwumiza mnunuzi, rahisi kiasi cha kumkatisha tamaa ya kushitaki.

Huenda mtu akaona kelele hizi ni kubwa kuliko gitaa. Lakini na akumbuke jinsi chombo hiki kilivyokuwa adimu mikononi mwa wapigaji wenyewe. Bendi nyingi zilizovuma nchini zilikuwa na magitaa yasiyokuwa yao: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, bendi za polisi na jeshi zilipiga vyombo vya serikali, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliongoza Matimila ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Mpigaji aliyegombana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu. Kijana wa mkoani kuweza kumiliki gitaa lake kwa mahindi yake mwenyewe ni jambo jipya na kubwa.

Tena madhara ya gitaa bovu humpata zaidi mwanafunzi. Mpigaji mzoefu hulijua gitaa baya kwa dakika moja. Anayeanza hana cha kulinganisha. Nyuzi zikimwumiza hudhani vidole vyake ni laini mno. Sauti zisipolingana hudhani sikio lake halina kipaji. Na baada ya mwezi huliweka pembeni, akiamini kuwa mapungufu ni yake. Kwa majuma mawili kijana wa Bombambili aliamini hivyo, mpaka jirani anayepiga kanisani alipolishika, akajaribu nyuzi tatu, akalirudisha bila kumaliza wimbo.

Rafiki zake wamempa shauri. Alipige picha tatu za mbele, alitangaze kwa bei ile ile, alipeleke Tunduru au Mbinga kwa mtu asiyelijua. Na huyo akilalamika, jibu analo tayari, kwa sababu yeye mwenyewe alipewa. Hawa si vijana waovu. Walisikia majirani wakihukumu, wakaifuata hukumu hiyo hadi mwisho wake. Kijana hajalitangaza. Gitaa liko kwa fundi seremala, nyuzi zimetolewa, kibao kimebanwa kwa jiwe na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na fundi amesema gundi itataka siku tatu.